Nyati wa Hungaria Juu ya Meza ya Kahawa

Kwa miaka minne, mteja aliyeingia karakana yangu mjini Nyeri hakuniona mimi kwanza, wala mashine zangu. Aliona sanduku la kioo juu ya meza ya mapokezi. Ndani yake, juu ya kitambaa cheupe alichofuma mke wangu, ilikaa injini nyeusi ya treni ya mvuke pamoja na behewa lake la makaa na maji, ndefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia begani hadi ncha za vidole. Magurudumu manne madogo mbele, manane makubwa nyuma yake, fito za chuma zikiyaunganisha, ngazi za dereva zenye upana wa ukucha, na mabati mawili ya kupangua moshi yaliyosimama pande zote mbili za kifua kama masikio. Ni mfano wa injini ya zamani ya Hungaria, aina ya mia nne ishirini na nne, ambayo watu wa huko waliipa jina la Nyati. Imepunguzwa mara thelathini na mbili, lakini hakuna kilichosahauliwa. Ukiusukuma mlango wa chumba cha dereva kwa ncha ya sindano, unafunguka.

"Injinia, hii treni ni wewe ulitengeneza?" watu waliuliza.

Nami nilijibu, "Hiyo ni kazi ya mikono."

Mtu husikia anachotaka. Baadaye nilichoka hata na ujanja huo mdogo, nikawa najibu ndiyo.

Nataka nieleweke vizuri kabla sijaendelea. Mimi si tapeli. Nilizaliwa Gakindu, mtoto wa watu waliochuma kahawa ya wengine, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilikwenda Hungaria kwa nguvu zangu, nikajifunza lugha ambayo hata Wazungu wengine wanaikimbia, nikaosha vyombo asubuhi na kusoma mchana, nikarudi na diploma ya ufundi mitambo yenye muhuri mwekundu. Imetundikwa ukutani, mtu yeyote anaweza kuisoma akiweza. Mashine za kukoboa mpunga za kule Wang'uru zinazotetemeka hadi ukuta unapasuka, mimi ndiye ninayeitwa. Pampu za maji za Kagio, ni mimi. Sijawahi kurudisha mashine ya mtu ikiwa haifanyi kazi. Kwa hiyo sikuhitaji kusema uongo juu ya treni, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Aliyeitengeneza alikuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa fundi mstaafu wa injini za treni, mjane, katika mji mdogo ambako reli ilipita nyuma ya bustani ya kila mtu. Kule kijana humwita mzee mjomba hata kama si ndugu yake, basi nami nilimwita Mjomba. Chumba changu kilikuwa juu ya karakana yake, na majira yote ya baridi nilisikia tupa ikisugua chuma chini ya sakafu, pole pole, kama mtu anayepumua usingizini. Aliianza kazi hiyo mkewe alipofariki. Mimi nilifika ikiwa imebaki kidogo. Nilimshikia taa. Nilimshikia vyuma vya moto kwa koleo. Siku moja aliniambia, "Wewe una diploma karibuni. Tengeneza kitu." Akanipa kipande cha shaba, nikatengeneza kifuniko cha tangi la maji la lile behewa, kidogo kama kitufe cha koti. Nilikipiga tupa kwa haraka kwa sababu nilikuwa na miadi, na kikatoka kimekaa upande. Mjomba alikitazama, akanitazama, akakifunga mahali pake.

Nilipomaliza masomo alinipa injini yote. Binti yake aliishi mbali na hakuwa na hamu nayo. "Zile kubwa," Mjomba alisema, "zimesimamishwa kwenye bustani na majumba ya makumbusho, zimepoa. Hii inawaka. Nenda nayo kwenu. Ulisema treni kwenu zinapanda kuelekea mlimani. Iwashe mara moja tu chini ya mlima huo, nami unionyeshe kwenye simu. Nataka kuisikia ikifanya kazi mahali ambapo sitafika."

Nikaahidi. Alinifungia masanduku mawili ya mbao. La kwanza lilikuwa na injini, imeviringishwa kwa blanketi. La pili lilikuwa na reli zake, tambi za akiba za kuwashia moto, chupa ya mafuta ya vyuma, na daftari alimoandika kwa mkono wake namna ya kuiwasha, hatua kwa hatua.

Kwenye uwanja wa ndege mizigo yangu ilizidi. Nilikuwa na suti tatu, viatu jozi nne na makoti mawili ya manyoya, kwa sababu mtu anayerudi kutoka Ulaya lazima aonekane amerudi. Nilisimama pembeni nikapima. Kisha nikaliacha sanduku la pili kando ya pipa la takataka, nikaliegemeza ukutani vizuri, kana kwamba mwenyewe angerudi kulichukua. Makoti nimeyavaa, kwa kweli. Nyeri mwezi wa Julai haichezi. Lakini kila nilipovaa moja nilikumbuka lilichukua nafasi ya nini.

Nyumbani Gakindu walinifanyia sherehe ya kunipokea. Hema, viti vya kukodi, mchungaji, mbuzi wawili. Mwendesha sherehe aliinyanyua injini juu watu waione, akasema kwenye kipaza sauti, "Watu wangu, mnaona hii? Kijana wetu alienda kwa Wazungu akawatengenezea treni." Watu wakapiga makofi. Wanawake wakanipigia vigelegele vitano, vile wanavyopigiwa kwetu watoto wa kiume wanapozaliwa. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele akilia. Ningeweza kusimama nikasema, hapana, mimi nilitengeneza kifuniko. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikatabasamu nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Basi treni ikaingia kwenye sanduku la kioo, nayo karakana ikashamiri. Mjomba alikuwa akipiga simu kila sikukuu. "Umeiwasha?" Nikamwambia ni msimu wa mvua. Nikamwambia ni msimu wa vumbi. Nikamwambia natafuta mahali tambarare, jambo ambalo angalau lilikuwa kweli, maana kwetu hata uwanja wa mpira una mlima. Hakukasirika kamwe. Alisema tu, "Sawa. Bado nipo."

Sasa nimtaje fundi bati. Ni mzee Mwislamu wa mtaa wa Majengo, mrefu, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa, anayetengeneza majiko, karai na koroboi, zile taa za bati za utambi ambazo bado zinanunuliwa umeme unapokatika. Kila Ijumaa, baada ya swala, alipita kwangu kuchukua vipande vya mabati vilivyobaki. Siku moja alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma. Nilikuwa na wateja wawili kutoka Kagio wanaosubiri pampu yao.

"Injinia," alisema, "inakwenda hii?"

Labda kwa sababu lilikuwa swali la Mjomba kutoka mdomo mwingine, lilinichoma. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee, hii si koroboi."

Watu wa Kagio wakacheka. Mzee naye akacheka, akachukua mabati yake. Mlangoni akageuka. "Lakini ina utambi," akasema. "Naziona tatu hapo chini ya chumba cha dereva."

Sikuwa nimewahi kuziona.

Kisha ukaja ujumbe wa binti ya Mjomba. Baba yake alikuwa amelazwa, na madaktari hawakumwahidi mengi. Haulizi habari za kanisa wala za nyumba yake, aliandika. Anauliza kama Nyati imewashwa. Ikiwezekana ifanyike wiki hii au ijayo, tafadhali.

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Jumapili hiyo nilimwambia mke wangu aende kanisani mbele, mimi nina kazi kidogo. Nikafungua karakana, nikaitoa injini kwenye kioo, nikatia maji kwenye boila kwa bomba la sindano. Hapo hata mimi niliona nafanya kazi ya kitaalamu. Nilipofika kwenye tambi nikafikiri hivi: kitu chenye utambi kinakunywa mafuta ya taa. Nani kati yetu aliyelelewa na koroboi angefikiri vinginevyo? Nikajaza mafuta ya taa, nikawasha kibiriti.

Haikupata mvuke. Ilitoa masizi. Yalitoka chini, yakatoka kwenye bomba la moshi, yakapanda kwa nyuzi nyeusi hadi kwenye dari niliyoipaka rangi nyeupe mwezi uliotangulia, kisha yakashuka taratibu juu ya kila kitu. Nilizima kwa koti. Mke wangu aliporudi alinikuta nimekaa chini, uso mweusi, nikisugua injini kwa shati. Alikiokota kitambaa chake alichokifuma miezi miwili. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya githeri, ile ya mahindi na maharagwe inayokaa kwenye kuni siku nzima.

"Uliweka nini?"

"Mafuta ya taa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Si uliniambia ulitengeneza hii kitu na mikono yako?"

Nikaendelea kusugua injini.

"Sasa Injinia, uliijenga mwenyewe na hujui inakula nini?"

Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza. Nilitazama magoti yangu, naye akapata jibu lote. Alikikunja kitambaa mara nne, upande mchafu ndani. Kisha akasema, "Yule mzee wa koroboi alikuwa anaiangalia kama mtu anaijua. Enda kwake. Na uoshe uso kwanza."

Nilikwenda Jumatatu. Nilikuta mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, akikunja mdomo wa jiko kwa nyundo ya mbao. Nikaweka chini sanduku la mbao lenye injini. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, nikasema tu, "Mzee, nimekuja unisaidie hii koroboi."

Akacheka hadi akaweka nyundo chini. "Karibu, Injinia. Keti hapo kwa mabati, lakini taratibu, yanakata."

Aliinusa injini kabla ya kuigusa. "Mafuta ya taa," akasema. "Hii inataka spiriti. Moto wa spiriti hauna moshi. Na hizi tambi umeziua." Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya kumpa mabati sikuwahi kumwuliza. Ujanani alikuwa mwasha moto kwenye banda la injini za treni huko Nanyuki. Kazi yake ilikuwa kufika kabla ya madereva, kuziwasha injini zilizolala baridi, na kuzitunza mpaka zipate mvuke wa kutosha. Dereva alipofika, yeye alishuka.

"Uliendesha?" nikauliza.

"Kuendesha waliendesha wengine. Mimi niliamsha tu."

Nilimwambia kuna mzee Hungaria, mgonjwa, rafiki yangu, anayetaka kuiona ikitembea. Sikusema kwamba ndiye aliyeitengeneza. Mzee hakuuliza. Alisema tambi mpya zinataka uzi safi wa pamba, na mke wangu, nilipomweleza, alitoa uzi aliouweka kwa kitambaa kingine akanipa bila kunitazama. Maji, mzee alisema, yawe ya mvua, si ya bomba, wala ya kisima. "Boila ni kama tumbo la mtoto." Reli nilitengeneza mimi. Nilikata vyuma bapa, nikavipigilia juu ya mataruma ya mbao ya msonobari, nikapima kila mahali kwa kipimo cha chuma, na ninaweza kusema bila aibu kwamba zilinyooka. Katika hadithi hii yote ndicho kitu nilichokifanya jinsi nilivyofundishwa.

Nilikaa siku mbili kwenye kile kibanda wakati mzee akiisafisha, kwa sababu sikutaka kuiacha mikononi mwa mtu. Nilijiambia ni uangalifu. Siku ya pili aliigeuza chali kwenye mapaja yake, akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya fremu.

"Injinia, njoo uone. Tupa huacha njia. Mtu wa mkono wa kulia njia zake zinalala hivi." Akanionyesha kwenye jiko lake mwenyewe. "Hizi zinalala upande wa pili. Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto. Kila mahali ni yeye." Akaigeuza tena, akafika kwenye behewa, akakigusa kile kifuniko. "Isipokuwa hapa. Hapa ni mtu mwingine. Huyu alikuwa na haraka."

Nilikuwa nimeshika kalamu, nikiandika ukubwa wa skrubu. Alitazama kalamu ilikokuwa, kwenye mkono wangu wa kulia. Kisha akavua miwani, akaendelea kupaka mafuta magurudumu.

Mahali tambarare tulipata kwenye kiwanda cha kahawa karibu na kwetu Gakindu. Mavuno yalikuwa yamekwisha na meza za kuanikia kahawa zilikuwa tupu, safu ndefu za waya juu ya miguu ya mbao, urefu wa kiuno, zimesawazishwa ili kahawa ikauke sawasawa. Ukitaka kitu kirefu kisicho na mlima katika Mukurweini yetu nzima, ni meza hizo. Mlinzi alituruhusu kwa sharti kwamba naye aone. Tukatandika reli zangu kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, hatua arobaini. Asubuhi ilikuwa wazi, mlima ukionekana wote na theluji yake. Mke wangu alishika simu. Binti ya Mjomba akapokea, akaigeuza, nikamwona amelala kwenye mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na mrija puani.

Nilikuwa nimevaa suti.

Mzee alichuchumaa, akawasha tambi tatu moja moja. Moto wa buluu, hauonekani vizuri kwenye jua. Tukangoja. Mimi huwa siwezi kungoja. Baada ya dakika chache kipimo cha mvuke kikaanza kupanda nikanyoosha mkono.

"Ngoja," mzee akasema. "Bado hajaamka."

Lakini simu ilikuwa inanitazama. Nilitaka Mjomba anione mimi ndiye ninayeianzisha. Nikavuta mkono wa mvuke, kile kishikizo cha kuiondoa. Injini ikatetemeka, magurudumu yakagoma, ikatema maji mbele. Nikavuta zaidi. Ikatoa mkoromo mbaya, kama mtu aliyepaliwa.

Mzee akasogea. Aliupitisha mkono wake chini ya wangu, akaurudisha ule mkono wa mvuke mahali pake, akafungua vali mbili ndogo kwenye silinda ambazo sikujua kama zipo, kisha akaishika injini nzima kwa vidole, akaisukuma mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto. Maji yakatoka. Mvuke mweupe ukafuata. Akafunga vali. Akanitazama, nami nikarudi nyuma hatua moja, na yeye, mtu aliyekuwa akishuka kila dereva alipofika, akaufungua mkono wa mvuke taratibu kabisa.

Ikaondoka.

Sitaweza kuieleza sauti ile. Mjomba alikuwa ameniigia mara nyingi kwa mdomo jikoni kwake, chakula kikiwa mezani, na nilidhani anatia chumvi. Ilikuwa vilevile. Ilipita juu ya waya za kahawa, waya zikitetemeka na kuongeza mlio wao, mzee akitembea kando yake, kofia yake nyeupe ikienda sambamba na mvuke. Mlinzi alisema, "Wacha," kwa sauti ya chini ya mshangao, akavua kofia. Mwishoni mwa meza mzee akaisimamisha, akabadilisha mwelekeo, akairudisha. Mara nne ilikwenda na kurudi.

Kwenye simu Mjomba alikuwa amenyanyua mkono. Wa kushoto.

Kisha akazungumza. Alizungumza polepole, akipumzika katikati, binti yake akimshikia mto, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyeelewa. Alisema: "Yule mwenye kofia nyeupe ni mtu wa injini. Alifungua vali bila kuambiwa. Mwambie kwa majira saba ya baridi nilikuwa peke yangu na kitu hiki, na leo nimeona mtu mwingine akikishika inavyotakiwa. Mwambie ni chake. Wewe ulikibeba, nakushukuru, ulikibeba vizuri. Lakini kwako kilikuwa baridi. Mpe yeye."

Mzee alikuwa amekaribia simu, anatabasamu, kiganja kifuani.

"Anasema nini, Injinia?"

Mke wangu alinitazama. Mlinzi alinitazama.

"Anasema asante sana," nikasema.

"Maneno yote yale?"

"Lugha yao ni ndefu, mzee."

Wakacheka wote. Mzee alimpungia mkono Mjomba, naye Mjomba akampungia, mzee mmoja Gakindu na mwingine kitandani kwake, kila mmoja akiamini mwenzake ameambiwa.

Mjomba alifariki siku tisa baadaye. Binti yake aliandika kwamba aliiangalia ile video kila asubuhi, na kwamba alifurahi kitu chake kimepata mwenyewe. Nilijibu kwa pole ndefu, yenye sarufi nzuri. Kisha nikaisafisha injini, nikairudisha kwenye kioo, juu ya meza ile ile. Kitambaa hakikuwepo. Mke wangu alikuwa amekilowesha mara nyingi, kikabaki kijivu, na kingine hakufuma.

Kahawa ilichanua, ikazaa, ikaanza kuiva tena. Muda wote huo mzee alikuja kila Ijumaa kuchukua mabati. Alikuwa akipita kwenye kioo, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayemsalimu jirani, na mimi nilijifanya nina simu. Nilikuwa na sababu zangu zote zimepangwa. Kibanda chake hakina kufuli ya maana. Vumbi la Majengo. Wateja wangu wameizoea. Mzee mwenyewe hajui, kwa hiyo hajapoteza kitu. Hiyo ya mwisho niliirudia mara nyingi, hasa nikiwa peke yangu.

Kisha Ijumaa moja akaja mwenye mashine ya mchele wa Wang'uru, mtu wa kelele na mkarimu, pamoja na shemeji yake ambaye alitaka kunipa kazi kubwa ya mashine mpya tatu. Mzee alikuwa pembeni akifunga mabati yake kwa kamba.

"Ndiyo huyu nilikuambia," yule wa Wang'uru akamwambia shemeji yake, akigonga kioo. "Hii yote alitengeneza na mikono. Si ndivyo, Injinia?"

Shemeji alikuwa mtu wa kushuku. Aliinama, akaangalia, akasema, "Hii? Hii ni ya kiwanda. Wewe ndio ulitengeneza, kweli?"

Nikaanza kupangusa kioo kwa mkono wa shati. Nilimwona mzee ameacha kufunga kamba. Alijua. Angeweza kusema neno moja. Alinyanyuka, akaweka mzigo begani, akamwambia yule shemeji kwa upole, "Si ya kiwanda, bwana. Hiyo ni kazi ya mikono. Mimi nimeiona kwa ndani."

Ilikuwa ile sentensi yangu mwenyewe, ya mwaka wa kwanza. Yeye aliisema ikiwa kweli tupu, na aliisema kunifunika. Shemeji akaridhika. Mzee akaniaga kwa heshima zake zote, "Haya, Injinia, tutaonana Ijumaa," akatoka na mabati yake kwenye jua.

Niliwaambia wale watu wa Wang'uru wasubiri. Kisha nikaona kusubiri hakutoshi, nikawaambia, "Si mimi niliyeitengeneza. Ni mzee mmoja Hungaria, amefariki. Mimi nilitengeneza kifuniko." Shemeji akamtazama mwenzake. Kazi ya zile mashine tatu sikuipata, na sikutarajia.

Jioni kabla jua halijashuka niliibeba injini mikononi hadi Majengo, kwa miguu, bila sanduku, watu wakitazama. Mzee alikuwa anakusanya vifaa vyake. Nikaiweka juu ya kigoda chake.

"Siku ile kwenye meza za kahawa," nikasema, "hakusema asante tu."

"Najua," akasema. "Mtu hasemi asante kwa dakika mbili."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliuliza."

Nilianza kumweleza, akaninyamazisha kwa mkono. "Yaseme kwa lugha yake kwanza. Kama alivyoyasema."

Basi nikasimama pale Majengo, kati ya majiko na karai, nikayasema maneno ya Mjomba kwa Kihungaria, neno kwa neno, maana sikuwa nimesahau hata moja. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa hadi nilipomaliza. Kisha nikayasema kwa Kiswahili. Nilipofika pale pa "kwako kilikuwa baridi" niliyarudia mara mbili, ili nami niyasikie.

Alipitisha kidole chini ya fremu. "Alikuwa wa mkono wa kushoto?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nilijua." Akafurahi kama mtoto kwa hilo tu, kuliko hata kwa injini yenyewe.

Hakunipa mawaidha, wala hakuniambia nimesamehewa. Alichukua bisibisi yake ndogo kabisa, akakifungua kile kifuniko cha tangi, akakipuliza vumbi, akakitia kiganjani mwangu. "Nitamwekea kingine," akasema. "Hiki ni chako."

Sasa injini iko Majengo, juu ya rafu kati ya koroboi. Sikukuu ya Idi huiwasha, na reli zangu huwekwa juu ya mabenchi ya msikiti yaliyotolewa nje. Watu wakimwuliza nani aliitengeneza, anasema ni mwenzake mmoja wa Hungaria. Wakimwuliza nani aliileta, ananionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu aliibeba."

Sanduku la kioo bado liko kwenye mapokezi. Nilikiweka kifuniko humo peke yake, katikati. Mke wangu alikitazama siku kadhaa, kisha asubuhi moja nikakuta kimelazwa juu ya kitambaa kipya, kidogo kama sahani ya kikombe. Wateja huinama wakikitafuta.

"Injinia, hii ni nini?" mtu wa Kagio aliniuliza juzi.

"Kifuniko cha tangi la maji."

"Ulitengeneza wewe?"

"Ndiyo."

Akakisogelea zaidi, akafunga jicho moja. "Kimekaa upande."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa na haraka."